Santuri ya Pili

Avtar Singh alikuwa fundi wa lifti kwa miaka thelathini na mitatu, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu aliyewahi kumpigia makofi kwa kutengeneza lifti. Makofi aliyapata Jumamosi. Jumamosi alasiri, kwenye kumbi za kukodi za Kenton na kwingineko London, mzee huyu mwenye kilemba cha zambarau na ndevu nyeupe alisimama nyuma ya mashine zake mbili za santuri akawafanya wazee wenzake wayasahau magoti yao. Walimwita DJ Avi wa Pangani. Pangani ya Nairobi, si ile ya Tanga, na ukikosea alikusahihisha kabla hujamaliza kusema.

Muziki uliompa jina ulikuwa rap ya mwanzo kabisa, ile ya mwisho wa miaka ya sabini na mwanzo wa themanini, kabla rap haijajifunza kununa. Humo hamna bunduki wala kilio. Kuna besi inayotembea kwa madaha, kuna makofi, kuna vijana wanaojisifu kwa dakika kumi na mbili kwamba wamevaa wakapendeza na kwamba hakuna ruhusa ya mtu kukaa kitini. Halafu wanakuuliza uko wapi, unaitika, wanakuuliza tena kana kwamba hawakusikia. Ni muziki wenye kazi moja tu, kuwainua watu waliokaa, na kazi hiyo huifanya vizuri kuliko daktari yeyote wa mifupa.

Tena una ufundi wake. Katika kila wimbo kuna mahali waimbaji hunyamaza, zikabaki ngoma na besi tupu, na hapo ndipo watu hupagawa. Tabu ni kwamba sehemu hiyo ni fupi. Sekunde kumi, kumi na tano, imepita. Lakini ukiwa na santuri mbili za wimbo uleule, ya kwanza ikimaliza ngoma zake unaruka kwenye ya pili, na huku ya pili ikipiga unairudisha ya kwanza nyuma kwa kidole, kisha unairukia tena, na ngoma za sekunde kumi watu wanazicheza robo saa bila kujua umefanya nini. Lazima ziwe mbili. Ukiwa na moja, wewe ni mtu mwenye santuri, basi.

Avtar alikuwa nazo mbili. Moja ilikuwa yake. Ya pili aliiba.

Naam, aliiba, tusizungushe maneno. Mjomba wake aliyekuwa London ndiye aliyezitumia zote mbili Nairobi, mwaka 1982, kwa sababu Avtar alimwandikia barua ya kumsihi zisipungue mbili. Siku rafiki yake Allan alipotimiza miaka ishirini, Avtar alichukua maikrofoni mbele ya ukumbi mzima akampa moja. "Hii si ya kuazima," alitangaza. "Ni yako kabisa." Watu walishangilia. Allan alikuwa na mdomo, Avtar alikuwa na vidole. Mmoja aliwaita watu kwa majina yao kwenye maikrofoni na mwingine alizungusha ngoma, na kwa karibu mwaka mzima hakukuwa na karamu ya alasiri kuanzia Pangani hadi Ngara iliyokamilika bila wao.

Kisha baba yake Avtar akaamua familia ihamie Uingereza. Siku mbili kabla ya safari, Februari ya mwaka 1983, Avtar alikwenda kumuaga Allan. Hakumkuta, alikuwa kazini. Aliyefungua mlango ni mdogo wa Allan, James, kijana wa miaka kumi na minane aliyemwabudu Avtar kwa sababu Avtar alikuwa amemfundisha kuhesabu mapigo ya ngoma. James alimkaribisha, akamketisha, akasema hawezi kumwacha mgeni aondoke kwenda London bila hata soda, akatoka mbio kwenda kioski.

Avtar akabaki peke yake na ile santuri. Ilikuwa imeegemezwa ukutani, juu ya kabati. Alijiambia maneno ambayo aliendelea kujiambia kwa miaka arobaini na miwili: Allan hana mashine za kuichezea. Mimi naenda mahali nisipojua mtu. Isitoshe, ni mimi niliyeitoa. Akaitia ndani ya koti, akafunga zipu mpaka shingoni. James akarudi na chupa mbili, akitweta. Wakanywa. Joto la Februari la Nairobi lilikuwa kali, jasho likimchuruzika Avtar chini ya kilemba, na James akamwambia avue koti.

"Nina homa," alisema Avtar.

"Pole sana," alisema James, na alimaanisha.

Hakuwahi kumwandikia Allan barua hata moja. Angeanzaje? Habari za nyumbani, na je, ile santuri ulishaikosa? Alinyamaza, na ukimya ukazoeleka. Huku London santuri mbili zilimfanyia mambo. Akiwa mgeni mwenye Kiingereza cha Nairobi na koti lisilofaa baridi, ndizo zilizomwalika kwenye karamu za watu, ndizo zilizompa marafiki, na katika harusi moja ndizo zilizomfanya binti mmoja wa Nakuru aitwaye Rupinder aje mezani kwake kuuliza mbona ngoma haziishi. Walioana mwaka uliofuata. Kila jema la maisha yake, akilifuata nyuma hadi lilikoanzia, alikuta lile koti lililofungwa zipu.

Hayo yote angeweza kufa nayo, kama wengi wetu tunavyokufa na yetu, lakini simu ililia. Alikuwa mwanamke kijana, Marion, mzaliwa wa London. Alitaka DJ wa karamu ya baba yake anayetimiza miaka sitini, huko Thamesmead, mchana. Baba yake alikuwa dereva wa basi, amestaafu. Alikulia Pangani.

"Anaitwa nani baba yako?" Avtar aliuliza, na jina alilotajiwa lilikuwa James.

Angeweza kukataa. Alifungua mdomo akatae, ikatoka sauti yake ikisema tarehe hiyo ana nafasi. Sijui kama ni ujasiri au ni ile tabia ya mkosaji ya kupenda kupita karibu na alikokosea. Yeye mwenyewe hakujua. Juma lililofuata alipanda treni mpaka Abbey Wood, akachukua basi, akashuka kati ya majengo makubwa ya Thamesmead, akabisha mlango ghorofa ya tatu. Alikuja kupanga muziki, ndivyo alivyosema kwenye simu. Rohoni alikuwa amekuja kusema.

James alifungua mlango, akamtazama, akapiga kelele. "Avi! Haki ya Mungu, Avi! Marion hakuniambia ni wewe!" Akamkumbatia mpaka kilemba kikainama upande. Akamvuta ndani, akamketisha kwenye kiti kizuri, akasema hawezi kuongea na mgeni mkavu hivyo, akaenda jikoni kupika chai. Avtar akabaki tena peke yake sebuleni kwa mtu huyu, miaka arobaini na miwili baadaye, na mikono yake asijue pa kuiweka.

Chai ilikuja, ya maziwa, yenye tangawizi. Wakataja majirani wa zamani na waliokufa. Avtar akauliza, kwa sauti aliyotaka iwe ya kawaida, "Na Allan?"

James akaweka kikombe chini. "Allan yuko Nairobi. Alikuwa mwalimu, siku hizi ni mzee wa kanisa. Hatuongei."

"Kwa nini?"

"Ile santuri ulimpa, unaikumbuka? Ilipotea wiki ile ulisafiri. Na wiki hiyohiyo mimi nilikuwa na viatu vipya. Nilikuwa nimeosha gari ya mwalimu mmoja miezi mitatu, ndio nikanunua. Allan akasema nimeuza santuri yake. Nikawaambia, Avi alikuja hapa, muulizeni Avi. Wakacheka. Ati ataibaje kitu alichopeana mwenyewe, mbele ya watu?" James akatikisa kichwa. "Na hapo ungesema nini? Hata mimi sikuwahi kukushuku, hata dakika moja. Nilikuwa nasema tu, Avi angekuwa hapa angenitetea."

Avtar aliuma ulimi wake kwa makusudi, ili asikie maumivu mengine.

"Mama alikuwa anasema niombe msamaha tu, yaishe," James akaendelea. "Nikakataa. Nitaomba msamaha ya kitu sikufanya? Nikatoka kwa hiyo nyumba. Nilirudi 2004, kumzika. Allan ndiye alisoma historia ya Mama kanisani. Akasoma ati marehemu alimwombea mtoto wake aliyepotea mpaka siku ya mwisho, atubu. Kanisa yote ikageuka kuniangalia, na bado nikakataa."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa, hakuna hata kizingiti. Avtar alivuta pumzi, akasema, "James." James akainua macho, macho ya mtu aliyefurahi kumwona rafiki wa zamani, na Avtar akasema, "Chai ni tamu."

"Kwa hivyo piga rumba, piga zilizopendwa, piga chochote," James akamalizia. "Lakini ile rap ya kitambo, hapana. Ile ilinitoa nyumbani."

Jioni hiyo Kenton, Avtar alimweleza mkewe yote, wakiwa jikoni. Walisema kwa Kiswahili kwa sababu wajukuu walikuwa sebuleni na Kiswahili ndicho kilikuwa kufuli la nyumba ile. Rupinder alisikiliza huku akikanda unga wa chapati. Avtar alipomaliza, mkewe hakupaza sauti.

"Miaka yote hiyo," alisema, "na mimi nilikupendea hizo ngoma."

"Ndiyo."

"Usiniambie mimi pole. Mimi si James."

"Nitamwambia baada ya keki. Nisimharibie siku yake."

Rupinder aliupiga ule unga juu ya meza kwa nguvu kuliko unavyohitaji unga. "Wewe kila siku ni baada," alisema, na tangu jioni hiyo hakumsemesha tena.

Siku ya karamu ukumbi ule wa Thamesmead, kando ya ziwa dogo, ulijaa. Watu themanini hivi: manesi waliotoka zamu, majirani, madereva wenzake James, kwaya ya kanisa pamoja na pasta wao, akina mama wa Kikenya waliosimama nyuma ya masufuria ya pilau wakilinda nyama isiishe kabla ya wakati. Avtar alifunga spika zake, akapiga rumba kama alivyoagizwa. Sanduku lake la santuri alikuja nalo kamili, kwa sababu hakuwahi kutoka nyumbani bila zile mbili, na pengine pia alitaka ziwepo atakaposema.

Kazi aliifanya, hilo lazima tumpe. Dakika ishirini tu na alikuwa ameshawafundisha mchezo wake wa siku zote. "Nikisema kitu, mnanirudishia vilevile!" alisema kwenye maikrofoni. "Mimi nimefika!"

"Mimi nimefika!" wakarudisha.

"Magoti hayaumi!"

"Magoti hayaumi!" Pasta ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Wazee walicheka mpaka wakafuta machozi, na James alicheza katikati yao, shati lake jeupe limelowa, akimwonyesha Avtar kidole gumba kila akizunguka.

Saa kumi, Marion alizima taa za upande mmoja, akaomba kimya. Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Akaingia mzee mrefu aliyevaa suti ya kahawia na sweta ndani yake, mtu aliyeshuka kwenye ndege juzi na ambaye baridi ilikuwa bado haijamzoea. Marion alikuwa amefanya mipango ya viza miezi mitano kwa siri, akamficha kwake Lewisham siku mbili. Avtar alimtambua kwa mwendo. Ni Allan.

James alisimama pale alipokuwa. Ndugu wawili wakatazamana, na ukumbi mzima, ambao nusu yake ilijua na nusu haikujua, ukawapisha njia. Allan ndiye aliyetembea. Alimpita Avtar, akamshika bega kidogo kwa furaha, akachukua maikrofoni mkononi mwake kama alivyozoea kuichukua zamani.

"Mimi ni ndugu yake mkubwa," aliwaambia watu. "Tulipokuwa vijana, huyu alikosa. Ilikuwa kitu kidogo, na mimi nikakifanya kikubwa. Nimeona nisife nayo. James, mimi nimekusamehe. Kutoka moyoni."

Watu wakasema amina. Maikrofoni ikapelekwa kwa James. Avtar aliona mkono wake ukiipokea na alijua, kama alivyojua jina lake, kwamba James atakataa. Alikuwa amemkatalia mama yake. Alikuwa amekatalia mbele ya jeneza.

James aliinua maikrofoni. "Asante, Allan," alisema. "Nisamehe."

Wakakumbatiana. Vigelegele vikapasua dari, akina mama wakaacha masufuria bila ulinzi, Marion akalia waziwazi. Nyuma ya mashine zake Avtar alikuwa anautazama uso wa James juu ya bega la ndugu yake. Haukuwa uso wa mtu aliyesamehewa. Ulikuwa uso wa mtu aliyechoka kubishana, aliyeamua kulipokea jina la mwizi maadamu linakuja na ndugu.

Naye Allan, katika furaha yake, akamgeukia. "Avi! Mpaka wewe uko hapa! Basi piga ile yetu! Yangu iliondoka, lakini yako najua unayo."

Avtar alimtazama James. James akaashiria kwa kichwa: piga, yameisha.

Akapiga. Besi ikaingia kwa ule mwendo wake wa madaha, makofi yakafuata, na hata watoto walioletwa kwa lazima wakaacha simu zao. Allan alicheka kama kijana. Zikafika ngoma tupu, na hapa vidole vya Avtar, ambavyo vilikuwa vimeifanya kazi hiyo miaka arobaini bila kuomba ruhusa kichwani, vikairukia santuri ya pili. Ngoma zikaendelea. Zikarudi. Zikarudi tena. Watu walipagawa, mikono juu, lakini Allan alipunguza kucheza, kisha akasimama. Kati ya wachezaji wote ni yeye aliyetambua kwamba ngoma zile, kwa santuri moja, zilipaswa kuwa zimekwisha zamani.

Alisogea mezani, akainama ili asikike. "Kwani uko na mbili?"

Vidole vya Avtar viliendelea kuzungusha ngoma.

"Ah, ulinunua ingine hapa London!" alisema Allan, akitabasamu, na akampigapiga mkono.

Ilikuwa rahisi mno. Tabasamu lilikuwa limeshamwekea uongo mezani, tayari kuliwa. Hakutakiwa hata kusema, angeitikia tu kwa kichwa. Angeitikia, ndugu wangebaki wamepatana, watu wangekula keki, naye angerudi Kenton kwa mke asiyemsemesha. Alimwona James nyuma ya Allan, akicheza ule wimbo uliomtoa nyumbani, akijilazimisha kuufurahia. Avtar akaivuta maikrofoni.

"Sikununua," alisema.

"Sikununua!" ukumbi ukarudisha.

Mwanzoni Avtar hakuelewa mbona wanarudisha. Aliendelea, kwa sababu alijua akisimama hataanza tena. "Hii ni ya Allan!"

"Hii ni ya Allan!" Mikono ilikuwa hewani, ngoma zikipiga.

"Niliiba mimi!"

"Niliiba mimi!" Watu themanini wakakiri kwa mpigo mmoja, manesi, madereva, na pasta kwa sauti kubwa kuliko wote, wakicheka na kuruka. Avtar aliwatazama. Alikuwa amewafundisha mwenyewe.

"Si mchezo!" alilia.

"Si mchezo!"

Akainua sindano. Sauti ikakatika, watu wakabaki mikono juu. "James hakuiba," alisema kwenye ukimya ule. "Alienda kuninunulia soda. Niliiba mimi."

"Niliiba mimi," akarudisha mama mmoja peke yake kule kwenye pilau, kisha akajiziba mdomo.

Allan aliinyanyua ile santuri kutoka kwenye mashine. Katikati, juu ya karatasi ya duara, kulikuwa na jina lake kwa kalamu ya wino wa buluu, mwandiko wa kijana wa miaka ishirini. Alilisoma kwa muda mrefu kuliko herufi zake zilivyohitaji. Avtar alisubiri kofi. Alilitaka. Alikuwa ameshaandaa shavu.

Lakini Allan hakumtazama. Alimgeukia ndugu yake. "James. Na mbona umeniomba msamaha?"

"Nimefika miaka sitini," alisema James. "Nilitaka ndugu yangu."

Allan akaiweka santuri mezani kwa uangalifu, akamshika James mkono, mzee amemshika mzee mkono kama watoto wanaovuka barabara, wakatoka nje. Kupitia dirishani walionekana wakiketi kwenye benchi kando ya maji. Mmoja alikuwa anasema na mwingine amefunika uso.

Kwa miaka yote Avtar alikuwa ameiwaza siku hii, na katika kila namna aliyoiwaza yeye ndiye alikuwa katikati: anatukanwa, anapigwa, au anasamehewa huku akilia. Hakuwahi kuwaza kwamba wangemwacha tu pale aliposimama. Watu waliinamisha macho, wakaanza kunong'ona. Marion akaja, macho mekundu.

"Uncle, just play something," alisema, akimsihi apige chochote tu. "Please."

Akapiga rumba. Hakuna aliyecheza kwa nusu saa, kisha akina mama wawili wakainuka kwa ajili ya Marion, na wengine wakafuata pole pole. Keki ilingojea. Pilau ilianza kupakuliwa. Avtar alibadilisha wimbo baada ya wimbo bila kusikia hata mmoja.

Ndugu wawili waliporudi, jua lilikuwa limeshuka upande wa majengo. Allan alikwenda moja kwa moja kukaa karibu na Marion. James alipitia kwenye chakula, akabeba sahani, akaja nayo hadi mezani kwa Avtar. Akaiweka kando ya mashine.

"Kula," alisema.

"James, nisamehe."

James hakuwa na hasira, na Avtar angeilipia hasira ile bei yoyote. "Mimi na Allan tuko na wiki mbili," alisema. "Tutaongea, tutamaliza. Hiyo ni yetu. Na wewe umesema, mbele ya watu, sitasema hukusema." Akaisogeza sahani karibu zaidi, kama mwenyeji anayehimiza mgeni. "Lakini Mama alikufa akiomba nitubu, Avi. Yeye utamwambia lini?"

Hakungoja jibu. Alirudi mezani, akaketi kando ya ndugu yake, na Marion akawasha mishumaa. Sahani aliyoacha ilikuwa imejaa nyama, vipande vizuri vya kupewa mgeni wa heshima, na Avtar hakugusa hata tonge moja.